Chumba cha Sita

Nina vyumba vinane vya mabati, Kaptembwo,
upande unaotazama ziwa, ambako kiangazi
upepo huja na magadi hadi ndani ya sufuria.
Cha sita alikaa Nduwayo.
Nani alimwita hivyo? Watoto walimwita Karanga,
wakubwa Mrundi, na mimi, katika daftari la kodi,
nilimwita Sita.

Ungemsikia kabla hujamwona:
sarafu kiganjani, cha, cha, cha,
beseni begani, njugu zikinukia chumvi na moshi.
Alipima kwa kifuniko cha mafuta ya kujipaka,
kisha akaongeza tano, sita: "Hizi za mtoto,"
hata kama huna mtoto.
Asubuhi alisema *amahoro*, nasi tukacheka,
tukamwigiza hadi mlangoni kwa choo.

Sijui maneno yalichacha lini.
Maziwa huwezi kuyakamata yakiganda.
Kwa kinyozi walisema hawa wamekula kazi za vijana wetu.
(Kazi gani? Kutembea kutoka hapa hadi Njoro na beseni?
Wangu mwenyewe niliwahi kumnunulia beseni, akaliogea.)
Redio ikasema. Mchungaji akaombea mipaka,
nami nikaitikia amina,
mimi Bosibori, niliyelala miezi mitatu
uwanja wa maonyesho, godoro moja, kuku mmoja,
mwaka ule sisi tulipoitwa madoadoa.
Kumbe doa likitakata, nalo hunyoosha kidole.

Chifu akatuita wenye nyumba.
Alitaka orodha: nani ana kipande, nani hana.
Kipande!
Babu alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati
akichuma pareto ya mzungu kule Molo;
alisema kililia kila akiinama
kama njuga ya mbuzi, asipotee.

Nikaandika.
Kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa shule ya masista.
Na safari hii chumba cha sita nikakipa jina kamili,
nikamwomba anitajie herufi moja moja.
Akazitaja, anatabasamu.
Alidhani ni ya risiti.

Usiku uleule akapiga Nyakundi, kutoka Minesota,
anakowageuza wazee wa watu kitandani wasifanye vidonda.
Ananong'ona.
Mbona unanong'ona, na huko ni mchana?
"Mama, kuna gari limesimama nje tangu saa mbili.
Jirani anayenisalimia kila siku
leo amepita anasoma simu."
Tukakaa kimya, salio likiyeyuka.
Kisha: "Mama, hivi majina huwa wanayapata wapi?"
Nikamwambia sijui, baba.
Funga mlango. Omba.

Walikuja kabla ya adhana.
Nilitarajia kelele; hapakuwa na kelele.
Alitoka na koti lake la kijani, viatu mkononi,
akapita dirishani kwangu, akasimama kidogo,
nikadhani sasa atanilaani.
"Mama," akasema, "beseni lisinyeshewe."

Limo jikoni kwangu, chini ya meza.
Njugu zililainika siku ya tatu.
Sikuzila, sikuzitupa.
Mjukuu akauliza Karanga yuko wapi,
nikamtuma dukani, chumvi, na chumvi ninayo.

Jana akaja kijana, mtu wa nyumbani, Mkisii halisi,
kipande chake kipya kinang'aa kama sahani ya arusi.
Anataka chumba. Ana pesa taslimu, ana haraka.
Nikafungua daftari nisitazamane naye.
Sita: amelipa hadi tarehe thelathini.
Jana ilikuwa ishirini na moja.

Nikamwambia kina mtu.
Akachungulia kufuli, akanichungulia mimi.
Kina mtu, nikarudia,
siku tisa bado ni zake.