Bahasha Saba

Tarehe ishirini na tano, mshahara ukiingia,
Vizma hufuta meza ya jikoni mara mbili
kama daktari anayejiandaa kupasua,
kisha huzipanga bahasha zake:
Nyumba. Joto. Umeme. Chakula.
Basi. Viatu vya Nauris.
Ya saba haina jina.

Mwaka juzi hatukujua bahasha.
Mwaka juzi benki ilitupigia simu yenyewe,
sauti laini kama ya mshenga,
ikauliza kwa nini tunajinyima.
Tukakopa kwa yuro, maana riba ilikuwa nyepesi,
tukanunua vyumba viwili, ghorofa ya nne, hapa Liepaja,
vyenye dirisha linaloona mfereji na winchi za bandari.
Mimi ni fundi wa mapaa, na kila mtu alikuwa anajenga.
Nilikataa kazi. Nakumbuka vizuri,
nilikataa kazi kwa kuchoka.

Sasa nyumba zimeachwa nusu,
theluji imehamia kabla ya wenyewe.
Na Vizma, mwalimu wa jiografia,
amepunguziwa theluthi ya mshahara kwa barua
iliyoanza na "Mpendwa mwenzetu".

Dawa ya deni kulipa, sawa.
Lakini hii twaambiwa tuinywe kabla ya chakula,
na tukishainywa
chakula chenyewe hakipo.

Tumefunga bomba la joto chumba kikubwa.
Tunaishi hiki kidogo, watatu, na taa moja.
Nauris anafanya hesabu akiwa na kofia ya sufu:
treni mbili zinaondoka vituo viwili, zitakutana wapi?
Anauliza, "Baba, nauli ni kiasi gani?"
Halimo kwenye swali, namwambia.
"Basi swali halijakamilika."

Mama mkwe, Skaidrite, hutuma viazi kwa basi la Aizpute,
gunia, na chupa ya uyoga wa chumvi,
na chini kabisa, ndani ya soksi, noti ya lati tano.
Hasemi. Hatuulizi.
Yeye alishaona pesa zikifa:
akiba ya miaka ishirini ya kukamua ng'ombe wa ushirika,
alipokwenda kuichukua ilitosha jozi ya mabuti.
"Pesa ni maziwa," husema, "ukiyatunza sana yanachacha."
Na bado anatunza.

Usiku mmoja wa Februari sikupata usingizi.
Nikaenda jikoni bila kuwasha taa, umeme una bahasha yake,
nikasimama mbele ya kabati.
Wiki nzima nilikuwa naiwazia ile ya saba.
Wenzake watatu shuleni wamekwenda Ayalandi
kuchuma uyoga kwenye mabanda yasiyo na madirisha.
Mmoja aliaga. Wawili walituma kadi.
Mimi mwenyewe nilishauliza bei ya tiketi,
nikaificha namba ya wakala ndani ya kiatu
kama mvulana anayeficha sigara.

Nikaifungua.
Lati kumi na nne, santimu sitini.
Na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi,
kwa mwandiko ule wa ubaoni, ulionyooka:
*Jino la Aivars.*

Nami nilidhani nalificha vizuri!
Miezi mitatu nikitafuna upande mmoja,
nikisema nimeshiba, nikisema mkate mgumu,
nikicheka mdomo umefumba.

Nilihesabu tena, sijui kwa nini.
Kumi na nne na sitini.
Nikatoa mfukoni lati mbili za basi,
maana siku hizi natembea, ingawa nasema napanda,
nikazitumbukiza mle, taratibu, zisilie.

Asubuhi aliniwekea uji, akauacha upoe kwanza.
Akaketi. Akanitazama nikila.
"Barabarani kuna barafu," akasema,
"utateleza. Panda basi."

Nikasema nitapanda.