Herufi za Bawani

Stika ya bawa imepasuka
kama tope la Nyalenda mwezi wa Januari.
Siikwarui. Kucha haina adabu.

Maji vuguvugu, matone mawili ya siki,
pamba. Nalaza, nangoja
hadi chai yangu ipoe, iote utando.
Kisha selotepu, niliyoipunguza makali
kwenye goti la jinzi:
nabandika, nabandua,
zatoka vipande vipande,
tano, halafu Y,
halafu nusu ya K.

Stika ni ya kiwanda, ipo nyingine.
Rangi ni ya Ogweno,
aliyoipaka kwa koroboi
stima ilipopotea Kibuye,
akiapa haitaonyesha hata mpigo mmoja wa brashi.

Chini ya nusu ya K
pana alama ya kidole gumba.
Kumbe hakungoja ikauke.

Nafunga chupa ya siki.