Ukurasa wa Saba

Anaeli kamchora tena kiuno kama shingo ya chupa,
vazi limembana hadi nikauliza
pumzi anapitishia wapi.
Akacheka, akachonga penseli,
vumbi la risasi likaangukia chai yangu.
Tuko nyuma ya duka la daftari, Kiborloni, siku ya soko,
mnada wa mitumba unaingia mpaka ndani ya sentensi zangu,
na shujaa wetu, juu ya karatasi,
anaunyanyua Mto Karanga kwa mkono mmoja
kama mtu aokotaye kanga iliyodondoka kambani.

Hodari. Mzuri. Hakosei.
Kurasa sita, na bado simjui.

Kosa ni langu, si la penseli.
Niliogopa kumpa doa, wasije wakasema
mwanamke akipewa nguvu huharibu.
Nikamsugua, nikamsugua, kama sufuria ya wageni,
hadi nikauona uso wangu ndani yake
na wake haupo.

Nikapanda na rasimu hadi Kidia kwa shangazi Ndeshi.
Alikuwa akimkatia ng'ombe migomba.
Akafuta mikono, akapindua kurasa, akaishia kwenye miguu.
"Huyu hana magoti," akasema.
"Hajawahi kuteleza kwenye tope, huyu?"
Kisha, kwa sauti ya chini, kana kwamba ng'ombe angesikia:
"Mwaka ule wa kiangazi niliiba zamu ya maji
ya mama Eliaichi. Usiku. Mara tatu.
Na ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua.
Sijamwambia.
Leo asubuhi nimempelekea maziwa."

Nikashuka na ukurasa wa saba mdomoni,
sisemi na mtu, usimwagike.

Masika alizuia mafuriko, wakamshangilia.
Sasa ni kiangazi, usiku, yuko peke yake kwenye mfongo.
Aliapa nguvu zake si za shamba la kwao,
basi amekuja na jembe, kama yeyote.
Barakoa iko mfukoni.
Anaondoa jiwe moja tu
na maji yanageukia upande wa kwao.

"Shujaa haibi," akasema mchapishaji kwenye simu.
"Au mpe mume mlevi, watu wamwonee huruma."
Nikasema hapana. Hana mume, hana sababu nzuri.
Ana migomba inayonyauka, ana hasira,
na kesho atamwamkia jirani kwa adabu zote.
Kimya. Nikasikia kiberiti kikiwashwa.
"Hiyo haitauzika."
Huenda.

Anaeli anafuta. Kiuno kinapata nyama.
Anachora goti la kushoto, kovu lake,
tope hadi kwenye ugoko.
Kwenye macho anakwama.
"Anajuta," ananiuliza, "au hajuti?"
Sijui, nasema.
Chora kama mtu asiyejua.

Anachovya kalamu. Anangoja.