Tabaka la Tisa

Kasha lilifika Paisley limefungwa kwa blanketi la mbwa.
Ukoo wa Mactaggart walilirithi, wakaliweka karibu na moto
miaka themanini, wakidhani wanalitunza.
Likapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi.

"Hesabu," aliniambia Bi Ruan Peizhen.
Nikachungulia ufa kwa lenzi:
jekundu juu ya jekundu juu ya jekundu,
kila tabaka jembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Nilifika sabini na tatu, macho yakanitoka machozi.
Chini kabisa katani, majivu, ubao.
Kuna mtu alipaka, akangoja. Akapaka, akangoja.
Ndipo akamkabidhi mwenzake kisu achonge mawingu,
na huyo asiteleze:
chini ya ua hakuna ua la akiba.

Utomvu hutoka mtini mweupe kama tui,
ukiguswa na hewa hugeuka kahawia, kisha mweusi.
Siku ya tatu mikono yangu iliwaka,
malengelenge hadi viwikoni.
"Mti umekusalimu," alicheka Bi Ruan.

Salamu ile naijua.
Newala, mama akibangua korosho kwa mikono mitupu,
mafuta ya ganda yakimla vidole;
siku ya vitambulisho karani alimbonyeza dole gumba mara tano
na mashine ikasema hakuna mtu.

Mti wa laka na mkorosho ni ukoo mmoja.
Nilipomweleza Bi Ruan hakushangaa,
alinisogezea tu chupa ya mafuta ya kujipaka,
na tangu hapo hunitania kama shemeji.

Laka haikauki juani. Ajabu yake hiyo.
Tunaifungia kabatini, gizani, na taulo mbichi,
inakunywa unyevu hadi inakuwa ngumu kama ukucha.
Na mimi, miaka minne naitukana mvua ya hapa,
koti halikauki, ukuta umeota ukungu,
barua za nyumbani zinanata.

Leo imenyesha tangu alfajiri.
Bi Ruan amefungua dirisha.
Simu imelia: Bwana Mactaggart, anauliza lini.
"Mwambie tuko tabaka la tisa,"
amesema, bila kuinua brashi.

Nimemwambia.
Akauliza, tisa kati ya ngapi?
Nikatazama nje, barabara ikibubujika maji,
nikasema: inategemea mvua.