Kichwa cha Gunia

Isyonje, ukungu bado umelala barabarani
na mimi nashona vichwa vya magunia.
Gunia likijaa tunaliongezea kilemba cha viazi,
tunakivika wavu, nakikaza kwa kamba ya bluu.
Lumbesa. Hata mtoto anayeokota vidogo
chini ya Fuso anaijua kwa jina.

Ambakisye akishauza hahesabu.
Anapokea alichopewa, anavuka lami
hadi kibandani kwa mama Tusekile, lilipo dubwi,
anavunja noti apate sarafu za mia mbili.
Taa zinakimbizana: chungwa, kengele, tikiti.
Linalia. Linanyamaza. Limemeza.
"Hili," ananiambia, "angalau haliniiti shemeji
huku likiniibia."

Sikumjibu. Shazia ilikuwa mdomoni.

Ijumaa akaja mwenye ufunguo, kijana wa Mwanjelwa,
koti la mvua, viatu vyeupe kwenye tope letu.
Anyosisye, aliyekwisha kuuza baiskeli, akamwambia:
Fungua mbele yetu.
Akafungua. Sijui tulitegemea nini,
jini labda, au mtu mfupi amekaa kwenye kigoda.
Nyaya. Vumbi. Ndoo ya rangi ya lita nne,
imejaa pomoni.
Na nyuma ya mlango karatasi yenye muhuri:
imekaguliwa, tarehe, sahihi isiyosomeka.
Tuliisoma kwa zamu, wengine mara mbili.
"Kumbe ni halali," akasema mama Tusekile.
"Halali kabisa," akasema kijana. "Mnaliwa kihalali."
Akacheka peke yake.

Kuhesabu kungemchelewesha basi.
Akaomba mizani yetu, apime ndoo nzima kwa kilo.
Tukatazamana.
Ni tajiri wangu mwenyewe, mzee Mwasandube,
aliyemshika mkono, akamwambia taratibu, kama baba:
"Mwanangu, si kwa hiyo. Hesabu."

Hakuna aliyecheka. Ambakisye alishusha
gunia aliloegemea, akakaa juu yake.
Basi kijana akahesabu, moja moja, juu ya turubai,
nasi tumemzunguka, midomo inamfuata,
mia mbili, mia nne, mia sita,
hadi mama Tusekile akawasha taa.
Sijawahi kuona pale Isyonje
kitu kikihesabiwa vile.

Karibu na mwisho ikatoka yenye rangi ya kucha,
nyekundu. Niliitia alama Jumatatu
nione kama kinachoingia hutoka.
Akaigeuza, akaikwangua, akaitupa pembeni:
"Hii chafu."

Niliiokota. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri
nilitunga kamba kwenye shazia.
Viazi vilikuwa vimeshapangwa, kilemba juu ya kilemba.