Kikombe cha Uji

Fundi Mwaisaka kaviweka viwili kaunta, Mwanjelwa:
kimoja cha kuelea, kama bata wa plastiki,
kingine cha kufunga kwenye bomba, kina vali na namba.
"Chukua cha bomba, mama, ulale. Klorini inajipima yenyewe."

Kwani nilikosa usingizi lini?
Miaka sita Ambokile alipima kwa kikombe cha uji,
akanusa vidole, akatazama mawingu ya Loleza,
akasema: leo baridi, maji hayali sana.
Juni hii amerudi Tukuyu, kwenye chai yake.

Nimechukua cha bomba.
Vali nikaifungua hadi tatu,
nikairudisha mbili.
Asubuhi bwawa linafuka mvuke, safi, halina mtu,
nami ukingoni, na sweta,
nanusa vidole.