Pambizo

Mgalula alikuja na rula ya chuma na manila nne,
akasogeza vikombe, akasema:
jarida la muziki halianzi kwa muziki,
linaanza kwa kukunja.
Tukakunja. Kurasa kumi na sita, za mfano tu,
tukazibana mgongoni kwa stepla ya ofisi ya tumbaku
tuliyoiazima Jumatano
(na leo ni Jumatano nyingine).

Jarida tupu. Nililifungua, nikalifunga,
likatoa upepo mdogo, basi.

Wiki mbili nilitembea na daftari.
Kinyozi wa Isevya: weka picha kubwa,
mteja wangu husoma kichwa kikiwa kimeinamishwa.
Muuguzi wa Kitete, akivua glavu: niandikie maneno ya nyimbo,
yale ninayoyakosea miaka yote
na kuyaimba kwa kujiamini.
Mkata tiketi pale stesheni aliuliza kama karatasi yake
itafaa kufungia maandazi.
Nikaandika. Niliahidi kuandika yote.

Kisha Ng'ambo, kwa Bi Nyamizi,
mjane wa Kashindye mpiga tarumbeta.
Akavuta sanduku la bati uvunguni,
kufuli lake limekufa siku nyingi, kamba ndiyo inalilinda.
Majarida thelathini na moja. Harufu ya nta na mende.
Mimi nilikwenda kupima, nikapima:
safu tatu, kila moja sentimita tano na nusu;
herufi za kichwa nene kama vidole vya seremala;
wino mwekundu umevuka mdomo wa mwimbaji
ukampaka shavuni, kama aliyebusiwa ghafla.

Lakini pembeni, pale mchapaji alipoacha weupe,
kulikuwa na watu.

*Asali madebe mawili, Luhende bado hajalipa.*
*Sol, sol, la. Hapa vuta pumzi.*
*Koti la dansi, kwa fundi, vifungo viwili.*
*Tatu kazaliwa saa tisa usiku, mvua.*

Nani aliandika?
Bi Nyamizi akasogeza miwani.
"Mimi deni. Yeye pumzi.
Ya Tatu tuliishika kalamu wote wawili,
huoni mwandiko ulivyogongana?"
Akaifuta jalada kwa upindo wa kanga,
taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.
Kuhusu habari zilizochapwa mle ndani
hakukumbuka hata moja.

Nikaipima pambizo: sentimita nne.
Yetu, kwa mpango wa Mgalula, ni moja.

Usiku tukagombana juu ya hiyo tatu.
Yeye anataka karatasi inayong'aa,
ile ambayo ukiitikisa inalia kama bati.
Nikachukua kipande chake cha sampuli
nikaandika jina langu kwa kalamu ya mia tano;
nikapitisha kidole, jina likawa moshi.
Nikaandika kwenye karatasi kavu, ya rangi ya uji.
Likabaki.

"Weupe haulipi," akasema. "Nani atanunua weupe?"
Akapiga hesabu: pambizo pana itakula
tangazo la magodoro na nusu ya mahojiano
na yule kijana wa besi anayeongea sana.
Nikamwambia kijana wa besi apunguzwe,
hata jukwaani hupunguzwa.
Hakucheka. Alikuwa na haki ya kutocheka,
fedha ya uchapaji ni ya ng'ombe wa baba yake.

Jina la jarida hatuna bado.
Tunayo saba, na kila moja lina aliyeliapiza.

Saa sita kasoro, treni ya Kigoma ikapiga honi,
rula ikatetemeka juu ya meza
ikahama yenyewe kidogo.
Mgalula akaitazama mahali ilipofika.
Akachonga penseli, akapiga mstari:
sentimita tatu na nusu,
maana yeye hajawahi kununua kitu
bila kupunguziwa.

Halafu kwenye ule weupe mpya,
kwa herufi ndogo zilizolala,
akaandika:
*stepla irudishwe kesho.*